Tusajigwe Hakurogwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Tusajigwe. Miaka kumi na mitatu. Amezikwa Jumatano iliyopita, huko Wazo. Mama yake, Rosalia, alipotupigia simu hapa studio alitoa sharti moja. Alisema, "Msije mkasema alipendwa na wote. Huo utakuwa uongo, na mie nitazima redio."

Basi hatutasema hivyo.

Tusajigwe alizaliwa na kichwa kidogo. Hakusikia. Hakutembea. Tangu ana miezi minne degedege lilikuwa halimwachi. Lakini alikuwa akicheka, wasikilizaji. Malori ya saruji yakikaribia, sakafu ya chumba chao hutetemeka. Yeye, kalala mkekani, aliupata mtetemo ule mgongoni kabla mtu hajasikia injini. Akacheka mpaka mate yakamtoka. Rosalia akiona kicheko kile, anajua lori linakuja.

Jina lilikuwa la bibi mzaa baba, Mnyakyusa wa Tukuyu. Tusajigwe. Tumebarikiwa. Wifi yake Rosalia, Demetria, hakulivumilia. Alimwambia jikoni, mbele za watu, "Tumebarikiwa nini hapo? Mpe jina jingine. Hilo ni la mama yetu."

Rosalia akajibu, "Basi mama yenu ndiye huyu. Mzoeeni."

Maneno hayakukoma. Kajaribu kutoa mimba ikagoma. Kachezea uchawi wa watu. Kaleta ugonjwa kutoka kwa wanaume. Hili la mwisho ndilo mumewe, Brightson, alilolibeba. Hakugomba. Alikusanya mashati yake, akahamia Chamazi. Simu ya Rosalia akawa haipokei.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu ndipo Rosalia alipopata daktari wa kumpiga picha ya ubongo. Daktari akamwonyesha madoa meupe, kama chembe za chokaa. Akamwambia, "Inaelekea ni kirusi kinachoitwa saitomegalo. Kilimpata tumboni, ubongo ukiwa bado unajijenga. Kuthibitisha kabisa, angepimwa ndani ya wiki tatu za kuzaliwa. Sasa tumechelewa."

"Ni cha wanaume?" Rosalia akauliza.

"Kinaweza kupita hata huko. Lakini mara nyingi kinatoka kwa watoto wadogo. Mate yao, mkojo wao. Na mtoto mwenyewe wala hutajua kama anacho. Ulikuwa unalea mtoto wakati una mimba?"

Alikuwa analea. Alikuwa analea Anna, binti wa Demetria, mwenye mwaka mmoja na nusu. Demetria alikuwa akishinda dukani kwake Kiwalani. Rosalia ndiye aliyembadilisha Anna nepi, akampangusa mate, akamalizia uji wake kwa kijiko kilekile. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitatu.

Rosalia alitoka hospitali ile na silaha. Hilo ni neno lake mwenyewe, silaha. Akaitunza miaka minane.

Mwaka juzi kukawa na kikao cha ukoo. Demetria akarudia yale yale, kwamba ndugu yake alioa mchawi. Anna, sasa msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akigawa soda. Rosalia akasimama.

"Mnataka kujua ugonjwa wa mwanangu ulitoka wapi? Ulitoka kwenye kijiko cha huyo hapo!"

Akamnyooshea Anna kidole. Demetria akamrukia, watu wakaamulia. Katika kelele zile zote hakuna aliyemwangalia Anna.

Sisi tumezungumza naye. Anna ana miaka kumi na mitano. Ametuambia, "Toka siku ile huwa sili na wenzangu shule. Naogopa mate yangu. Semeni tu redioni, mie nimechoka kunong'onwa."

Tusajigwe alikufa kwa nimonia, Jumatatu asubuhi, kifuani kwa mama yake. Msibani Brightson alichimba kaburi na wanaume wenzake, hakumtazama mtu usoni. Demetria alikaa nje, karibu na dirisha. Ndani hakuingia. Aliyeingia ni Anna.

"Shikamoo anti," akasema. Kisha akauliza mbele ya wanawake wote, "Ni mie niliyemuua?"

 Rosalia alimsogezea mkeka akae.

"Ulikuwa hata kutembea hujatulia, mwanangu. Watoto wengi wanacho kirusi hicho na mama zao hawajui. Na daktari mwenyewe alisema inaelekea, hakusema ndiyo. Mie nilijua hujakosa. Nikakunyooshea kidole hivyohivyo, kwa sababu mama yako sikuona pengine pa kumuumiza."

Demetria aliyasikia yote pale dirishani. Aliinuka, akafunga kanga yake, akaondoka. Mpaka tunakwenda hewani, hajarudi.

Pole sana Rosalia. Pole Brightson, kwa binti yako. Pole Demetria, maana damu ni yako pia. Anna, wewe pole mara mbili.

Kina mama wajawazito mnaolea wadogo, naweni mikono kwa sabuni baada ya nepi na kamasi. Msimalizie uji wa mtoto. Msiingiwe na hofu pia, kwani watoto wengi wanaozaliwa na kirusi hiki hukua salama. Tusajigwe hakupata bahati hiyo.

Na wewe jirani wa Wazo, uliyekuwa ukimvusha mwanao ng'ambo ya barabara asiwakaribie, kila Rosalia alipopita na Tusajigwe mgongoni, tunakuomba leo ukae, utafakari. Jina lako hatulitaji. Unajijua.