Blauzi ya Siga

Mkabala na duka la kushonea la Waly Faye, pale mjini Thiès, pana benchi la mataruma mawili ya reli. Aliyeyaleta ni Stesheni, mstaafu wa reli, na hapendi kuulizwa aliyapataje. Kila asubuhi Ndella hutua birika lake kando ya benchi hilo, akaimimina kahawa ya Touba, ile ya viungo vikali, kutoka kikombe hadi kikombe mpaka itoe povu, na wenye benchi hufika mmoja mmoja wakijifanya walikuwa wanapita tu. Asubuhi hii mvua zilikuwa zimekatika, matikiti yamepangwa kando ya barabara, na likizo ile ndefu imebakiwa na siku moja. Kesho shule zinafunguliwa.

Waly aliitwa Jicho, na jina lenyewe alilifanyia kazi. Ushonaji hakufundishwa na mtu. Alikuwa akifumua nguo kuukuu na kuzishona upya mpaka akajua. Tangu hapo hajampima mteja hata mmoja. Humtazama mtu akivuka barabara, akaingia ndani akakata kitambaa, na nguo ikamkaa mwenyewe kama ngozi. Tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kama tai ya karani. Kazi ya tepu hiyo ilikuwa kupendeza tu.

Leo Jicho alivuka barabara akiwa na blauzi ya sare, ya buluu, akaitupa mapajani mwa Redio.

— Vitambaa vya siku hizi uongo mtupu. Nimekiosha mara moja tu, kimerudi na kufupika.

Redio, fundi wa redio na simu, jina lake Hamat Ly, aliinua blauzi ile juu akaitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana. Yeye ni Mpulaar na Jicho ni Mserer, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu, na hakuna ajuaye nani alianza kumwita mwenzake mtumwa.

— Ya nani hii?

— Ya Siga.

— Siga huyu binti yako, au kuna Siga mwingine wa miaka minane?

Ndella alicheka, akaendelea kumimina.

Mambo yalikuwa hivi. Siga, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa kijijini, Sine, kwa bibi yake miezi mitatu yote ya mvua. Kabla hajarudi, baba yake alimkatia blauzi kwa kumbukumbu, maana jicho linalomjua mteja aliyevuka barabara mara moja litashindwaje na mtoto wa nyumbani? Jana akaivaa. Mikono ikaishia katikati ya kigasha, mabega yakavutika kama ngoma. Siga akajitazama kwenye kioo, akamtazama baba yake, akasema, "Inanitosha, baba. Asante." Akaikunja vizuri, akaiweka.

Hilo Jicho hakuwaambia. Alimkumbuka Siga wa miaka sita, aliyejibwaga sakafuni akalia mpaka majirani wakaja, kwa sababu ya ukosi uliomkwaruza. Huyo alimwelewa. Huyu aliyesema asante alimnyima usingizi. Asubuhi akaichukua blauzi bila kumwambia mtu, na sasa alitaka benchi limthibitishie kwamba kosa ni la kitambaa.

Benchi halijawahi kumnyima mtu sababu.

— Kosa ni maji, Redio alisema. Maji ya bomba siku hizi yana dawa nyingi. Na wewe mtumwa wangu huambiliki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kitambaa nacho hukunjwa kingali kibichi. Wewe ulikikunja kikavu.

— Tangu lini mchunga ng'ombe akajua kukunja nguo?

— Tangu mla mtama alipojifanya fundi.

Stesheni alikohoa, na Stesheni akikohoa watu hunyamaza, kwa sababu ana miaka sabini na miwili na kikombe chake hulipiwa na wengine. Alieleza kwamba reli hutanuka kwa jua na kurudi kwa baridi, na yeye amezipima kwa mikono yake. Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi. Kama chuma hurudi, pamba itajitetea kwa lipi?

Jicho aliipenda hoja hiyo. Akamwongezea mzee sukari. Lakini Redio hakuwa tayari kushindwa na reli. Akasema basi tatizo si kitambaa, ni kijiji. Kule Sine watoto hawana kazi usiku ila kulala chali uani.

— Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema. Amelelewa chali miezi mitatu, atakuaje kama si kwa urefu? Angelala kwa ubavu, blauzi ingemtosha.

— Alikuwa analima karanga na bibi yake, Jicho alisema. Hakwenda kulala.

— Karanga! Ndiyo mbaya zaidi. Hurefuka chini kwa chini, huoni mpaka ung'oe.

Hapo ndipo kila mtu alipotoa ya kwake. Redio alisimulia jinsi alivyotafuta makubazi yake wiki nzima, akamtuhumu jirani, kumbe yako miguuni mwa kijana wake wa mwisho, na yanambana. Stesheni akakiri, kwa sauti ya chini, kwamba mwanawe alimpigia simu kutoka Dakar, akasikia sauti nzito ya mwanamume, akamjibu amekosea namba na kukata. Mtoto akapiga tena. Akakata tena.

— Nimewaza sana jambo hili, Stesheni alisema. Watoto hawarefuki. Tangu treni zipungue, mji huu unashuka kidogo kidogo. Ardhi haitikiswi tena, inakaa. Sisi tunashuka nayo. Tumefupika sisi.

Hakuna aliyecheka. Redio aliitazama miguu yake.

Wakati huo alikuwa amefika mwalimu mgeni, Bi Sagna, aliyehamishiwa shule ya akina Siga kutoka Ziguinchor. Alikuwa na sketi ya kupunguzwa kiunoni, na Jicho alikwisha kumwambia aiache tu, hana haja ya kumpima, amemwona. Alinunua kahawa, akanywa amesimama, akasikiliza habari ya reli na karanga na mji unaozama. Kisha akaigusa blauzi.

— Na mwenyewe amesemaje?

— Mwenyewe nani?

— Aliyeivaa. Mnapima maji, mnapima reli. Huyo binti amesema nini?

Jicho alitaka kumwambia mambo ya nyumbani hayamhusu.

— Mimi ni Mdiola, wewe Mserer, mwalimu alisema. Sisi ni watani. Siogopi kukuuliza, na huwezi kukasirika.

Jicho hakuwahi kumdanganya mteja, akasifika kwa hilo. Hangeanzia kwa mwalimu wa mtoto wake.

— Amesema inamtosha.

Redio aliiinua tena ile blauzi, akaipima kwa macho, akaishusha polepole.

— Hii?

— Hiyo. Na akasema asante.

— Kwa nini aseme inamtosha? mwalimu aliuliza.

Lilikuwa swali jepesi. Redio alitafuta methali, akaikosa, jambo ambalo Ndella anasema hajaliona tangu aanze kuuza pale. Ndella mwenyewe aliinamisha birika juu ya kikombe cha Jicho, likatoa matone matatu na machicha.

— Imekwisha, alisema. Nendeni makwenu.

Jicho alichukua blauzi, akavuka barabara. Siga alikuwa mlangoni mwa duka, amekuja na sufuria ya uji ambayo mama yake alimtuma alete. Alipoona kilichomo mkononi mwa baba yake, akaitazama sufuria.

— Ilinitosha, baba.

— Siga. Inabana wapi?

Ng'ambo ya barabara watu wanne walijifanya wanatafuta kitu chini ya benchi.

— Kila mahali, alisema, na kicheko kikamtoka, kilekile alichokuwa nacho akiwa na miaka sita.

Jicho akavua tepu shingoni. Akapiga goti, kama alivyozoea kumfanyia kila mwaka akibana pindo kwa pini, akajikuta anatazama kiuno cha mtu. Akasimama tena. Hakuhitaji kuinama hata kidogo. Akautafuta mwanzo wa tepu kwa vidole, kama mwanafunzi, akampa binti yake.

— Shika huku, alisema. Usiniachie.