Mwalimu Fenya Kalmakoff na Watu Aliowarudisha Nyumbani

Ndugu, jamaa na marafiki, mliopata viti na ninyi mliosimama ukutani na makoti yenu mikononi, familia ya Bonderoff na ya Kalmakoff imenituma mimi Paul, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yangu, naye mwenyewe aliniambia mwezi wa Novemba, nilipokuwa nikimpasulia kuni, kwamba nisimpambe sana, maana waliomjua watacheka na wasiomjua hawataamini.

Marehemu Fenya alizaliwa tarehe 4 Novemba 1949 huko Passmore, katika Bonde la Slocan, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa mzee Nick Bonderoff, mkata magogo, na mama Polya, ambaye wengi wenu mmeinywa supu yake ya borshi katika ukumbi huu huu. Alianza shule hapo hapo Passmore mwaka 1956, akamaliza sekondari Slocan mwaka 1967, akaenda Vancouver, akapata shahada ya sayansi mwaka 1971 na cheti cha ualimu mwaka uliofuata, kisha akarudi bondeni kufundisha, jambo lililowashangaza wengi, kwani enzi zile aliyekwisha kuonja mji hakurudi ila kwa mazishi na harusi.

Alifundisha sayansi katika sekondari yetu tangu Septemba 1972 hadi alipostaafu Juni 2009. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Elmer Kalmakoff, fundi seremala wa Winlaw, tukaimba hadi sauti zikakauka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lorinda, aliyezaliwa Julai 1977, na Darren, aliyezaliwa Mei 1980, nao wote wako hapa mbele pamoja na wajukuu.

Kazi yake ya pili, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu leo, ilianza kwa msiba. Jumamosi ya tarehe 10 Februari 1979, Fenya na walimu wenzake watatu walipanda mlimani na skii zao, na walipokuwa wakishuka, theluji ya mteremko ilikatika na kuporomoka, ikamfunika Garth Hollis, mwalimu wa hesabu, kijana mcheshi aliyekuwa hajaoa. Waliobaki hawakuwa na kifaa cha kumtafutia, wala ufito mrefu wa kuichoma theluji, wala beleshi, wakaichoma kwa vijiti vya skii na kuichimba kwa mikono mpaka giza likawafukuza, na Garth akapatikana kesho yake na watu wengine, karibu kabisa na mahali waliposimama wakimwita. Fenya alimwambia mama yetu kwamba kufa kwa Garth angeweza kukubeba, lakini kule kusimama juu yake bila kujua hakuweza. Majira yote ya baridi yaliyofuata alitafuta watu waliojua, waangalizi wa barabara ya mlimani, waongozaji wa skii, akawauliza maswali hadi wakamkimbia, na Januari 1981 akafungua darasa lake la kwanza katika ukumbi huu, kwa yeyote aliyetaka kupanda milima mbali na njia zinazolindwa.

Waliohitimu kwake hawahitaji kukumbushwa. Siku ya kwanza mlikaa ndani mkisoma jinsi theluji inavyolala tabaka juu ya tabaka, na jinsi tabaka moja bovu linavyoweza kubeba uzito wa wiki nzima na kisha kukataa uzito wa mtu mmoja, na siku ya pili mlitoka nje kuchimba shimo, kuligonga kwa kiganja, na kutafuta mfuko wa gunia aliokuwa ameufukia na kifaa ndani yake kikitoa ishara, kila mtu akiwa na cha kwake kifuani, cha kutoa ishara na kuipokea. Gunia hilo alilivika shati kuukuu la Elmer, na hakuliita gunia, aliliita ndugu yako.

Sasa nifike kwa Elmer mwenyewe, naye ameniruhusu. Januari 1989 shemeji yangu alisoma darasa hilo kwa mara ya kwanza, tena kwa kusukumwa, na siku ya mtihani alilipita gunia mara mbili, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa watazamaji, akiwachekesha, badala ya kuwa kwenye kifaa. Wengi tulidhani mke atamfichia aibu mumewe.

"Elmer, umeshamuua," alisema Fenya mbele ya wote. "Nenda kakae."

Elmer alikaa, na nyumbani pakawa na ubaridi kupita wa nje, akawa anaongea na mbwa tu, na alipoulizwa na majirani alijibu, "Nimeoa mwalimu, sasa nalala darasani." Mwaka uliofuata alirudi, akafeli tena, safari hii kwa kuchimba kutoka juu kama mtu anayechimba kisima badala ya kuingilia upande wa chini, na Fenya akamfelisha kwa upole zaidi lakini akamfelisha. Mara ya tatu alifaulu, akapewa cheti, akakitundika chooni, na tangu hapo kila wikendi ya baridi alifanya mazoezi nyuma ya nyumba, akimwambia Darren afukie kifaa popote, naye akakitafuta na kukichimbua, kimya kimya, kana kwamba ana deni na lile gunia.

Jumapili ya tarehe 17 Machi 1996, Fenya, Elmer na wanafunzi wawili wa zamani, Colleen Vickers na mumewe Stu, walikuwa wakirudi kutoka mlimani baada ya siku njema, na ilibaki korongo moja pana kabla ya kufika kwenye miti. Jua lilikuwa limelipiga korongo lile mchana kutwa, na Colleen aliuliza kama si heri wazunguke kwa juu, hata kama ni mbali. Fenya alilitazama, akaona lori lao kule chini, akasema patapitika, mmoja mmoja, naye atatangulia. Alikuwa katikati walipousikia mlima ukiguna, na mteremko mzima ukamchukua.

Stu ameniambia kwamba hajawahi kumwona mtu akibadilika kama Elmer alivyobadilika pale. Hakupiga kelele. Alimweka Colleen akodolee macho mteremko wa juu, akamwambia Stu azime ishara ya kifaa chake isichanganywe na ya Fenya, na kutayarisha ufito, akashuka na kifaa mkononi, taratibu, akikifuata kinavyolia, akapiga magoti, akapima huku na huku, akasema, "Choma hapa." Ufito ulizama, ukagota kwenye kitu laini. Wakaingilia upande wa chini, mmoja akikata, mwingine akisukuma theluji nyuma, hadi wakafikia kofia, kisha uso, nao ulikuwa wa kijivu, na Elmer akamtoa theluji mdomoni kwa kidole, na Fenya akavuta pumzi kwa sauti ambayo Colleen anasema bado huisikia anapofurahi.

Alipofumbua macho, Elmer, machozi yakimganda ndevuni, alimwuliza, "Fenya, nimefaulu?"

"Ngoja kwanza," akasema Fenya. "Mguu bado uko ndani."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, ukapona ukiwa mfupi kidogo, ndiyo maana tangu mwaka huo mlimwona akichechemea. Angeweza kuacha, na mama yetu alimwomba aache. Hakuacha, ila alibadili mafundisho, na kuanzia Desemba ile kila darasa lilianza na korongo lile, akilichora ubaoni, akionyesha aliposimama Colleen na alipouliza. "Nilikuwa nimechoka, nataka supu," aliwaambia, "nikauita uchovu wangu ujuzi. Colleen alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwalimu wake. Mtu akikuuliza swali mlimani, simama." Akawa anampa alama ya juu mwanafunzi aliyembishia, na wapo walioutumia vibaya ukarimu huo, nao wanajijua.

Aliendelea hadi mwaka 2019, alipomkabidhi Lorinda darasa. Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akalazwa mara kadhaa, na baada ya Krismasi iliyopita akaomba arudishwe Winlaw. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, alikula pirahi, vile viandazi vyenye viazi ndani, alizoletewa na Lorinda, akalalamika kwamba chumvi haitoshi, akaegemea mto, Elmer akiwa amemshika mkono, akatutoka akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Ndugu zangu, kwa miaka arobaini familia hii ilishtuka kila simu ilipolia jioni ya Jumapili. Tunalia leo, lakini tunalia kama watu waliotua mzigo, kwa sababu dada yetu amefia kitandani, ana joto, ameshiba.

Kuna jambo moja limetokea juzi, na Lorinda ameomba nilisome. Jumapili, siku mbili baada ya kifo, vijana sita waliosoma kwake walipanda mlima ili wateremke kwa heshima yake, wakiwa na maua na picha yake. Karibu na kilele walichimba shimo, wakaligonga, na tabaka likateleza likatoka zima kama droo. Mmoja alisema wamekuja mbali na ni kwa ajili ya Mwalimu. Mdogo kuliko wote, Anneke, akauliza, "Yeye angepita?" Wakageuza skii, wakashuka kwa njia ya miti waliyopandia, na maua wakayaleta hapa. Ndiyo yale pale, karibu na mkate na chumvi tulivyoweka mezani kwa desturi yetu. Vijana wenyewe wamekaa safu ya nne.

Familia inamshukuru Daktari Lachance na wauguzi waliokuja nyumbani hata barabara ilipofungwa, majirani wa Winlaw na Passmore waliosafisha njia na kupika, walimu wenzake, kikosi cha uokoaji, waimbaji, na Colleen na Stu, ambao wametoka mbali.

Fenya, nimewahesabu kutoka hapa niliposimama. Wako sita. Pumzika kwa amani.