Nazari Kinunda, Mwenyekiti Ambaye Kitongoji Hakikumwachia

Baba Paroko, viongozi mliotoka Mbinga na ninyi wenyeji wetu wa Nyasa, ndugu, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Wilfred Kinunda, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasimulie maisha ya kaka yetu Nazari, ambaye tunamzika leo hapa Lipingo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Matiri, mtoto wa kwanza wa mzee Urbani na mama Albina, akaanza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975, hakuendelea kwa sababu baba aliugua na kahawa ilihitaji mikono, akajifunza kulima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, hadi watu wakawa wanamwita awapimie mistari.

Mwaka 1985 aliteremka hapa Lipingo na magunia ya maharage, akarudi na usipa, wale dagaa wa hapa ziwani, na jina la binti mmoja, na tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na huyo binti, shemeji yangu Bonifasia, ambaye alikubali kupanda kwenye baridi ya Matiri kwa ahadi moja tu, kwamba watoto wakishamaliza shule wangeteremka kuishi ziwani, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Ignatio mwaka 1988 na Margareta mwaka 1991.

Sasa naomba nieleze kazi yake, maana hiyo ndiyo iliyomshika. Wengi mnafahamu kwamba serikali yetu inaanzia kitongoji, juu yake kijiji, halafu kata, kisha tarafa na wilaya na mkoa, na kwamba ngazi nyingine zina watendaji walioajiriwa, ambao huletwa na kuhamishwa, lakini mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na majirani zake na hana pa kuhamia. Mwaka 2009 ukoo wa baba yetu na ukoo wa mama yetu walikuwa wanagombea shamba la bondeni, kahawa zimekatwa usiku, mtu mmoja amepigwa panga la bega, wakatafuta mtu ambaye pande zote mbili zingemsikiliza, wakamwona kaka, mtoto wa huku na mjukuu wa kule, naye akakubali kwa kipindi kimoja.

Mwaka 2013 mama mkwe wake alipofuka macho, Bonifasia akateremka kumtunza, na makubaliano yalikuwa kwamba kaka angemfuata uchaguzi ukipita. Wakati huo wilaya ilikuwa imeshagawanywa, Lipingo imekwenda Nyasa na Matiri imebaki Mbinga, basi mume na mke wakawa na wakuu wa wilaya wawili. Uchaguzi ulipofika mwaka 2014 kaka aliaga mkutanoni, akashukuru, akaketi, lakini jina la mtu wa ukoo mmoja lilipotajwa, vijana wa ukoo wa pili walitoka nje kufuata mapanga, na jioni ile wazee wakamchukulia kaka fomu.

Alijaribu kujiuzulu, akaenda kwa mtendaji wa kijiji, mama Shukrani, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na yule mama, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kuyasema haya, alimwambia, "Shikamoo mzee wangu, mimi halmashauri inaweza kunihamisha hata kesho, lakini ukiondoka wewe, siku ya mapanga nitamwita nani?" Barua ilipanda hadi kata, ikapanda wilayani, jibu likashuka kwamba asubiri uchaguzi ujao, naye akasubiri.

Mwaka 2017 mama mkwe alifariki, na asubuhi kaka alipokuwa anafunga mzigo, watu walifika mbio kwamba alama za mpaka uliogawa shamba la bondeni zimeng'olewa, akaenda kuwatuliza, akafika hapa kaburi limeshafunikwa. Bonifasia hakumgombeza, alimpokea mfuko, akamwambia, "Karibu, mwenyekiti." Kaka aliniambia kwamba katika maisha yao yote alikuwa hajawahi kumwita hivyo, na kwamba afadhali angetukanwa.

Mwaka 2019 ikawa vilevile. Mwaka 2024 aliamua kutoroka, akateremka kabla ya fomu kutolewa, lakini baada ya wiki wazee wa koo zote mbili walimfuata hapa, wamepanda gari moja, kaka akawatazama wanavyoshuka, akacheka, akasema, "Kama mmeweza kukaa kiti kimoja kutoka Matiri mpaka huku, mimi mnanitakia nini?" Mzee mmoja akajibu, "Tumekaa kimya, Nazari, hatukusemeshana." Kaka aligeuka kumtafuta mke wake, akamkuta ndani, ameshaanza kukunja mashati yake.

Agosti 2025, akiwa katikati ya mkutano wa kitongoji, marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea, Bonifasia akapanda Matiri kumuuguza, na bado watu waliingia na mashauri yao, wakabishana kitandani pake, wakangoja ainue mkono wa kushoto, hadi siku shemeji alipowatoa wote na kufunga mlango. Alilazwa hospitalini mara mbili, na tarehe 11 Januari 2026, alfajiri, akafariki dunia.

Tuliporudi Matiri na mwili tulikuta kaburi limeshachimbwa, bondeni, mpakani mwa mashamba ya koo zile mbili, na wazee wakatueleza kwa nia njema kabisa kwamba hakuna ambaye angethubutu kulivuka kaburi la Nazari. Bonifasia alisimama akasema, "Mume wangu si jiwe la mpaka," akaomba gari la kumleta hapa, na hakuna aliyempinga.

Jana, kabla jeneza halijaondoka Matiri kuja huku, wazee haohao waliniita nyuma ya nyumba, wakanikumbusha kwamba na mimi nina baba yuleyule na mama yuleyule, na nimewaomba tumzike kwanza.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani wa Matiri na wa Lipingo, mama Shukrani na wenyeviti waliofanya kazi na marehemu, jumuiya na kwaya, na yeyote tuliyemsahau atuwie radhi, huzuni ina usahaulifu wake.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne. Kaka Nazari, umechelewa lakini umefika kwa mkeo, pumzika kwa amani, hilo la kitongoji tuachie sisi tulio hai.