Mama Jovina Anakabidhi Kisanduku cha Nakala

Ndugu zangu wa Utende na wa ofisi ya Kilindoni, assalaam alaykum, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Hali zenu? Wale walioshikwa na mafua ya kipupwe wanaendeleaje? Kwangu wote wazima, alhamdulillahi, ila goti linanisumbua kidogo.

Meneja wetu, Bwana Damian, ameniomba niandike habari za Mama Jovina, karani na mtunza kumbukumbu wa Kituo cha Kuzamia cha Mwamba Mweupe. Anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi miwili. Mimi Mfaume ni mtu wa stoo ya vifaa, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mkikuta kosa, nisitirini.

Alikuja Mafia Aprili 1998 kutoka Bukoba, akimfuata mumewe, Mwalimu Valence. Hifadhi ya Bahari ilikuwa bado changa, na kituo chetu kilikuwa boti moja, mitungi kumi na miwili ya hewa na meza ya plastiki. Hakujua kuogelea, na hajui hadi leo. Lakini kila mtungi aliujua kwa namba yake: umepimwa lini, vali ilibadilishwa lini, na nani aliuangusha akanyamaza.

Mwaka 2011 mchwa walikula madaftari yetu ya zamani, na tangu hapo kumbukumbu zote zilikaa kwenye kompyuta moja. Mwanzoni mwa 2014 kompyuta ile ikaanza kukoroma. Na ilikuwa mwaka wa ukaguzi. Mkaguzi asipoonyeshwa tarehe za kupimwa kwa mitungi, boti zinafungwa gatini na sisi watu kumi na wanane tunarudi nyumbani.

Bwana Damian alitaka kila kitu kipelekwe mtandaoni. Mama Jovina hakubishana. Alituma fomu za siku moja tu tangu chai ya asubuhi, na adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa hazijafika nusu. Akamwambia meneja kwa upole kwamba kwa mwendo ule tutamaliza yeye akiwa ameshazeeka. Akapewa ruhusa ya kutafuta kisanduku cha kuhifadhia nakala hapahapa ofisini.

Akapanda ndege kwenda Dar. Muuza duka alimwonyesha mtambo mkubwa wa diski nne, unaowaka taa kama harusi. Yeye akauliza swali moja: diski ikifa, naitoa mwenyewe au namsubiri fundi avuke bahari? Muuzaji akakiri kwamba lazima fundi. Basi akachagua kisanduku kidogo cha diski mbili, kila moja ikibeba kilekile cha mwenzake, ili moja ikifa nyingine ibaki, na mlango wake unafunguka kwa vidole. Diski alizinunua mpya, akazifunga kwenye kitenge, akarudi nazo mkobani. Kisanduku chenyewe dukani kilikuwa kimekwisha, wakaahidi kukituma.

Sasa hapa, ndugu zangu, nakiri jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa upande wa nahodha Shaabani tu.

Kisanduku kilikuja kwa boti inayotoka Nyamisati, huko bara, ndani ya kiroba kimoja na vipumulio vyetu vilivyotoka matengenezo. Bahari ilikuwa chafu, kiroba kikalowa, boksi la karatasi likawa uji. Nanyi mnajua desturi yetu: chochote kilichoguswa na maji ya chumvi kinapita kwenye beseni la maji ya kisima kabla ya jambo lingine lolote. Miaka kumi na mitano mikono yangu imefanya hivyo bila kuniuliza. Nikaona kitu cheusi, kitupu ndani, kina matundu. Nikadhani ni kichujio cha kompresa. Nikakitumbukiza, nikakisuuza mara mbili, nikakitundika kambani katikati ya nguo za kuzamia.

Mama Jovina alipotoka ofisini akaja moja kwa moja hadi kwenye ile kamba.

"Mfaume baba," akasema, "hicho ndicho ninachokisubiri mwezi wa pili huu."

Akilini niliwaona wale watu kumi na wanane na watoto wao wakikosa riziki. Shaabani, hana huruma yule, akatangaza gati zima kwamba kompyuta ya Mfaume imeshatawadha, inangoja kukimiwa swala tu. Nilimwambia astaghfiru, lakini hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Mama hakucheka wala hakugomba. Alimpigia fundi wa Dar, na fundi akasema kwa kuwa hakijaonja umeme bado kipo, na kwamba kama kisingesuuzwa, chumvi ndiyo ingekimaliza. Akaniambia nilete mtungi. Hewa ya mtungi wa kuzamia ni kavu kuliko hewa yoyote kisiwani, basi siku tisa nilikipuliza asubuhi na jioni. Siku zile tisa aliizima ile kompyuta kabisa ili isimalize uhai uliobaki, akawa anaandika kazi zote kwa mkono. Mimi niliswali na kuomba, yeye alisali rozari yake. Siku ya kumi tukatia zile diski, tukachomeka umeme, taa mbili za kijani zikawaka.

Kunakili kulichukua siku moja na nusu. Jumatano iliyofuata kompyuta ilikoroma mara ya mwisho. Wakaguzi walikuja Jumatatu. Mama Jovina akaunganisha kisanduku na kompyuta ya meneja, akawafungulia kumbukumbu za mtungi mmoja baada ya mwingine, nao wakakosa kasoro, wakaishia kunywa chai nasi. Boti hazikulala hata siku moja.

Tangu Januari ananifundisha mimi kazi ya nakala. Kila Ijumaa natoa faili moja kutoka kisandukuni na kulifungua, kuhakikisha linasomeka. Ijumaa iliyopita alikaa pembeni, mikono mapajani, hakugusa kitu. Nikalitafuta, nikalifungua, nikasoma kwa sauti tarehe zote. Akavaa miwani, akaangalia hadi mstari wa mwisho, akavua miwani.

"Basi," akasema. "Sasa naweza kwenda."

Mama yetu, asante kwa kazi na kwa subira. Mola akupe afya na usingizi mtulivu huko Bukoba, wewe na Mwalimu, na wajukuu wakuzunguke. Sisi huku tutakuombea kila mmoja kwa dini yake.

Chakula cha kumuaga ni hiyo tarehe 28, baada ya swala ya Ijumaa, hapa Utende. Naombeni mnijibu mapema, kabla ya Jumatano, mtakuja wangapi.