Mwanangu Alinikataza Nisikuite

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Wakubwa, shikamooni. Na wenzetu mliotoka kanisani asubuhi, nanyi nawasalimu kwa heshima zenu. Nimeambiwa nisimame niseme kidogo. Kusema kidogo mie siwezi, mtanivumilia. Majina sitataja, maana Lindi na Kilwa ni watu wale wale, na ninaowasema wengine wameshatangulia mbele ya haki.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati pale Kilwa Kivinje, mume wangu fundi redio. Ilikuwa ile miaka ya biashara huria, vitu vimemwagika madukani, redio za kaseti kila nyumba, na kila iliyokufa inaletwa kwake. Siku moja alikwenda Dar kununua vipuri, akaona kompyuta kwa mfanyabiashara mmoja. Alirudi hasemi jingine. "Mke wangu," akaniambia, "kile kitu kitafika mpaka hapa Kivinje. Kikifika, nataka wewe uwe unakijua." Nikamcheka. Kivinje yenyewe umeme wa kubahatisha! Lakini alinisukuma mpaka nikaomba chuo kikuu, shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, nikapata.

Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani uzamili ni kukaa maktaba na kuandika kitabu. Huu wetu ulikuwa wa darasani. Vipindi kila siku, zoezi kila wiki, majaribio, mitihani, halafu mradi mwishoni. Ukikosa jaribio umekosa maksi, basi. Mashine chache, tunazigombania kama ndoo bombani. Wenzangu vijana wa mjini, vidole vyao vinakimbia, mie natafuta herufi moja moja kama anayechagua mawe kwenye mchele. Nililia sana. Nikipiga simu kwenye duka la jirani yetu, mume wangu anaitwa, anacheka: "Lia, ukimaliza rudi kwenye zoezi lako."

Kisha sauti yake ikaanza kuchoka. Nikimuuliza, anasema mafua. Likizo fupi nikataka kwenda nyumbani, akasema masika haya, kivuko cha Rufiji hakiaminiki, kaa usome. Nikakaa.

Nilikuwa maabara, katikati ya jaribio, dada wa ofisini akaja akanigusa bega. Akanitoa nje. Nikamwona macho, nikasema, "Nani?" Akasema, "Mumeo, dada yangu."

Mto ulikuwa umefurika. Abiria tulikwama ng'ambo ya Dar tukingoja maji yapungue. Nilipofika Kivinje, mume wangu ameshazikwa. Kwetu Waislamu maiti haiwekwi, mnajua. Kumbe alikuwa mgonjwa wa figo miezi yote ile, na mtaa mzima ulijua. Fundi baiskeli anajua, muuza maandazi anajua. Mie mkewe ndiye sijui!

Nikasimama mlangoni nikamkabili mama mkwe. "Mama, hata kuniita?" Akainamisha kichwa akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Basi. Chozi hana. Nikasema moyoni, huyu mama hana huruma. Hakupenda niende kusoma, na leo amenikomoa.

Na ni katika nyumba yake, alimouguza mwanawe, nilimokaa eda. Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila marashi, bila kutoka ila kwa dharura, mimi na yeye. Ananiletea chakula, nasema ahsante, macho pembeni. Chuo walikuwa wameniruhusu kuahirisha. Nikirudi muhula mwingine, naendelea. Nisiporudi, nafasi imekwenda. Mwenzangu mmoja darasani, Mmakonde wa huko juu Newala, alikuwa ananinakilia masomo kwa mkono wake na kunitumia kwa kondakta wa basi. Bahasha zinafika, sizifungui. Nilikuwa nimeshaapa kwamba sirudi. Masomo yale yale yaliyoninyima kumfuta mume wangu jasho la mwisho, niyarudie ya nini?

Lakini mama mkwe anazipanga zile bahasha kando ya mkeka wangu, kimya kimya. Nazisukuma. Kesho yake nazikuta pale pale. Siku moja ikanipanda hasira, nikazirusha ukutani. "Mama, ziondoe hizi, la sivyo nazitia moto!"

Alikuwa anabangua korosho. Akaweka jiwe lake chini.

"Wewe unadhani sikutaka?" akasema. "Mwanangu alinikataza nisikuite. Kila nikijitanda khanga nikapige simu, ananirudisha. 'Mama, ukimwita atakuja, na akija harudi tena kule.' Aliniapisha. Akasema, mtunzie masomo yake mpaka amalize. Haya, nimekutunzia, wewe unayatupa. Nitakwenda kumwambia nini mwanangu?"

"Mbona hukunieleza, mama?"

"Ungenisikia? Ulishanihukumu pale mlangoni."

Wallahi, nilikosa pa kuuficha uso wangu. Nikaanguka mapajani pake nikalia mpaka sauti ikakauka. Akanishika kichwa, ananipapasa. Yeye hakulia.

Siku ile ile nikafungua bahasha. Kompyuta sina, nikaandika programu kwa kalamu. Somo lilikuwa namna ya kuiamuru mashine ipange vitu, kuanzia kidogo mpaka kikubwa. Nikachukua korosho zake, nikazitia kwenye mstari, nikamwonyesha: linganisha hizi mbili, iliyo kubwa ihamie huku, nenda kwa inayofuata, ukifika mwisho rudia. Mama akatazama weee, akasema, "Kumbe kote kule Dar umekwenda kusomea kuchambua korosho? Si ungesomea hapa hapa nikakupikia ubwabwa!" Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika nyumba ile, na mara tukanyamaza, maana kitanda cha marehemu kilikuwa bado kiko pale pale.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja alfajiri wakaniogesha, wakanivika khanga mpya. Natoka uani, nakuta begi langu liko mlangoni, limefungwa. Mama ndiye aliyelipanga. Bahasha zote zimo, na kopo la korosho juu yake. "Haya, nenda," akasema.

Nilirudi. Nisiwadanganye, sikuwa shujaa. Nilifeli somo moja, nikalirudia. Nikipata maksi nzuri, miguu inanipeleka yenyewe kwenye simu, nanyanyua mkono wa simu, ndipo nakumbuka hakuna wa kuitwa. Hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote. Lakini nilimaliza.

Mahafali mama hakuweza kuja, miguu ilikuwa imeshamkataa. Nikaomba nikae na joho siku chache, nikaenda nalo Kivinje, nikalivaa mbele ya kitanda chake. Akalipapasa toka begani mpaka kwenye pindo.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Hakuna mtihani mwingine?"

"Hakuna."

Basi akazika uso wake kwenye lile joho, akalia. Dada zangu, alilia kama aliyefiwa siku ile. Majirani wakaja mbio wanauliza, jamani, kuna msiba gani tena? Nikawaambia, ni ule ule.

Kumbe miaka yote alikuwa ameuzuia msiba wake, ananingoja mie nimalize.

Yeye naye sasa hatunaye. Namshukuru, Mungu amrehemu. Namshukuru yule mwenzangu wa Newala, aliyeumiza mkono wake akinakili masomo mara mbili, yake na yangu. Nawashukuru wale wanawake wa alfajiri, na nyinyi mlionipa nafasi niseme haya bila kuona haya. Leo nawafundisha watoto wa Kilwa kompyuta, maana kweli ilifika, kama alivyosema mume wangu.

Funzo langu ni moja. Mtu akikunyamazia, usimkatie hukumu mlangoni. Na wewe mdogo wangu uliyetoka eda juzi, uliyesema hapa kwamba mama mkwe wako hana chozi wala neno: nenda kakae naye, umuulize. Nenda leo, maadamu bado unaye.