Kaza Kwanza

Nitoeni nje, wanangu. Si hapo, sogezeni mpaka kwenye gari la baba yenu, nilione. Abdu shika kichwani, Sabiti miguuni, polepole, kitanda hiki kina umri wangu. Haya, tueni, na msinitazame kwa macho ya matanga, maneno bado ninayo. Na wewe, Mwaisha, najua umetega sikio nyuma ya ua huo wa mabua. Njoo karibu, jirani yangu, maana kesho ni wewe utakayewasimulia watu wa mtaa wote wa Nyasubi, nami sitaki wosia wangu ufike sokoni umetiwa chumvi na mtu mwingine wakati mwenyewe naweza kuutia.

Nitegeeni masikio. Mali yangu haiwezi kuwachosha. Nyumba nimekwisha kumpa dada yenu Mwahija nikiwa hai na mashahidi wanajua, kwa kuwa ndiye aliyenifulia na kunigeuza kitandani. Majungu yangu pia ni yake, ya udongo nasema. Yale ya mdomo nilimrithisha Mwaisha zamani. Kilichobaki ni Landrova hili la marehemu Akida, na gari, wanangu, halichinjwi likagawanywa kama ng'ombe wa Idi. Sabiti unataka kuliuza kwa wakata vyuma. Abdu unataka litembee tena. Lakini hayo hamjaambiana ninyi kwa ninyi, yote mnayapitisha kwangu, "Mama, mwambie huyo," "Mama, mwulize huyo," kana kwamba mimi ni waya wa simu. Waya huo unakatika.

Nani hajui mlipoanzia? Akida alipokata roho, Sabiti ulimzika alasiri ile ile kama dini inavyotaka, na Abdu ulikuwa chini ya duara huko Geita, umezama kwenye shimo la dhahabu, habari ikakufikia imechelewa, ukaja ukakuta udongo wa kaburi umekauka. Ukamwambia kaka yako, "Umenizikia baba kama anavyozikwa paka." Naye akakujibu, "Baba alikuita mpaka sauti ikamkauka, hiyo dhahabu yako ilikujibu nini?" Tangu siku hiyo hata salamu hampeani. Neno likiachwa nje linyeshewe, wanangu, nalo hushika kutu.

Na wewe, Abdu, kwa hasira zako ukatwaa bisibisi ukaja hapa kuung'oa mlango wa dereva, eti ndio urithi wako. Skrubu hii ya bawaba ikakugomea. Ukaisukuma, ukaitukana, bisibisi ikateleza ikaula mdomo wake mpaka ukawa laini kama ufizi wangu. Ukaacha, ukaenda zako. Sasa naona mkoba wako uko tayari mlangoni, unangojea lori la Geita. Nenda, baba, lakini ukirudi utakuta udongo umekauka mara ya pili, na safari hiyo hutakuwa na mama wa kumshtakia.

Shule mimi niliishia kwenye kuandika jina langu, lakini nimeuza maandazi kwenye gereji ya Bujiku mpaka nywele zikageuka, na mwuza maandazi wa gereji hujua mambo mawili: nani anapitia mlango wa nyuma kwa nani, na chuma kilichokwama kinafunguliwaje. La kwanza naondoka nalo. Vumilia, Mwaisha. La pili nawaachia ninyi. Bujiku alikuwa akiniambia kwa Kisukuma chake, "Mayu, mama yangu, mteja akija na nyundo kubwa, mimi naandaa skrubu mpya na dawa ya kidole." Kabla hajahamia Tinde nilimwita, akaichonga hii mdomo mpya kwa msumeno wa chuma. Mimi nikaichokoa uchafu kwa msumari, na kwa kuwa mafuta ya taa siku hizi hayaonekani, hata harusini watu wanalishana gizani, nikatafuta mafuta ya breki nikawa naidondoshea kila nikimaliza Alfajiri, kabla kitanda hakijanishika, nikiigonga kidogo kwa nyundo ndogo. Watu wakasema bibi amerukwa na akili, anaogesha gari. Nani alianza kusema? Simtaji, yuko hapa hapa.

Mwahija, lete ile nondo iliyomo jikoni. Igusishe kwenye kichwa cha skrubu mpaka kipate moto. Sasa chukua nta hii ya nyuki, ya Ushirombo, pakaza. Mwaona inavyoyeyuka? Itajipenyeza yenyewe mpaka kwenye meno ya skrubu, ndani ambako mkono haufiki.

Hapa ndipo penye wosia wangu, shikeni. Kazi hii haimtaki mtu mmoja. Mmoja huiegemea bisibisi kwa kifua chake chote isiteleze, mwenzake akaigeuza kwa spana. Wala msianze kwa kufungua. Kaza kwanza. Naam, kaza, kidogo tu, upande ule ule ilioshikilia yenyewe, kama unaikubalia. Hapo kutu hushtuka ikaachia, ndipo unapoirudisha upande wako. Siku ya kwanza nilimcheka Bujiku, nikamwambia unafunga ulichoitwa kufungua. Kisha nikaenda kuijaribu kwa Akida. Akikasirika, nasema, "Kweli kabisa, baba Sabiti," na kabla ya Magharibi anakuja kuniomba radhi, maskini, hajui kama katiwa spana.

Basi, Sabiti, wewe ndiye mkubwa. Kaza. Mwambie mdogo wako lililo kweli upande wake. Usininong'oneze mimi, waya umekatika... Haya. Umesema. "Ulistahili kumwona." Mwaisha, umesikia, hilo usiliongeze kitu. Na wewe, Abdu? Sema kwa sauti, hapa si chini ya duara... Naam. "Maiti hangoji." Hangoji, baba. Wala mimi sitangoja.

Egemea, Abdu. Sabiti, spana. Upande wa kukaza... kidogo... Nyamazeni.

Imelia. Mmeisikia? Kama goti la bi kizee akiinuka. Irudisheni sasa... basi, basi, isimamisheni hapo. Msiitoe yote leo. Tieni mafuta, yalale nayo. Kesho mtaendelea, na kesho kutwa, wote wawili, maana skrubu iliyoanza kusogea ikiachwa hukwama kuliko kwanza. Mwahija, mkoba ule... uondoe mlangoni.

Gari msiliuze. Mmoja aendeshe, mwingine alitunze, lipeleke abiria Buseresere kama lilivyokuwa likienda enzi za baba yenu. Na mimi mtanizika alasiri, kama baba yenu, msimngoje mtu. Kaburini mshuke wote wawili. Mnilaze kwenye mwanandani... bila kuvutana.

Mungu awape mikono yenye subira. Awape wake wenye maneno. Awape uzee wenye jirani kama... Mwaisha, usilie, utasahau mengine.

Jua limenifikia. Nirudisheni ndani. Abdu, kichwani. Sabiti, miguuni... Vivyo hivyo. Mtakumbuka... vivyo hivyo. Inueni pamoja...