Spika Ndogo za Nolasco wa Kanoni

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kabla sijaanza nina ombi moja. Punguzeni kidogo sauti za redio zenu. Ndiyo, punguzeni, msiogope. Mtu tunayemkumbuka leo alikuwa akisema kwamba muziki ukipigwa kwa kelele kila mtu atausifu. Ukipigwa kwa sauti ya chini, hapo ndipo utajua kama umeiva au bado mbichi.

Mtu huyo ni Nolasco Byarugaba, wa Kanoni, wilayani Karagwe. Alikuwa fundi wa kurekodi kwaya. Alifariki dunia mwezi uliopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Amezikwa nyumbani, kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba na mibuni. Ameacha mjane, Vero, na binti mmoja, Eustadia.

Labda jina lake hulijui. Lakini kama umewahi kuisikia kwaya ya kigango fulani cha huku ikiimba redioni asubuhi, ukungu bado umelala mabondeni, nawe hujui kama umeamka au bado unaota, basi huenda ulikuwa unasikiliza kazi ya mikono yake.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja tu. Zamani kilikuwa ghala la kahawa la baba yake. Chumba chembamba, dirisha moja, na kuta ambazo hadi leo zinanukia kahawa kavu. Vero anasema ukiingia humo na mlango ukafungwa, saa zilikuwa zinayeyuka. "Unaenda kumwita chakula," anasema, "unakaa kidogo usikilize, unakuja kushtuka ndizi zimeshaungua jikoni."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, katika chumba hicho Nolasco alianza kwa kosa. Kosa la ukarimu. Mnatujua sisi watu wa huku. Mgeni akija, hatumkatii mkungu mwembamba tukaacha ule mnene shambani. Nolasco naye alitaka kwaya zinazotoka mbali zikute spika za heshima. Akanunua spika kubwa, zile za harusini, ndefu kumpita yeye akiwa amekaa. Akazisukumia kwenye pembe mbili za chumba, maana kwingine hazikuenea. Zilipowashwa mabati yalitetemeka, kuku wakatawanyika, na akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Nani angemwambia amekosea?

Kumbe chumba kidogo kina tabia yake. Ile sauti nzito, besi, ikifika pembeni haitulii. Inavimba. Nolasco akikaa kitini anasikia besi imezidi. Anaipunguza. Bado imezidi. Anaipunguza tena. Humo ndani muziki unakaa sawa. Nje, kwenye redio za watu, besi haipo. Narudia, maana hapa ndipo penye kisa chetu. Chumba kilimdanganya Nolasco kwamba besi ni nyingi, naye akaamini, akaipunguza mpaka ikapotea.

Hayo yaliikuta kwaya ya kigango kimoja cha Kamuli, wilayani Kyerwa. Nyuma kabisa ya kwaya hiyo, upande wa kushoto, alikuwa akisimama mzee Ildefonsi Manirakiza. Mzee mwenye asili ya Burundi, kibarua wa mashamba ya migomba, mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Yeye ndiye aliyekuwa besi ya kwaya. Walirekodi wimbo wao kwa Nolasco, wakarudi kwao. Kabla wimbo haujatoka, mzee Ildefonsi akafariki.

Siku wimbo ulipopigwa redioni, mjane wake, mama Anonciata Niyonkuru, alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini. Aliwasikia wote. Alimsikia jirani yake, akamsikia hata katekista. Mumewe hakumsikia.

Kesho yake alipanda bodaboda kutoka Kamuli mpaka Kanoni. Vero alimpokea kwa kahawa ya kutafuna, kama desturi ilivyo. Mama Anonciata akaishika tu mkononi.

"Shikamoo, mama," Nolasco alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Mzee wangu umemweka wapi?"

Nolasco akampeleka chumbani, akampigia wimbo kwa zile spika kubwa. Besi ikajaa chumba kizima. Mama akatikisa kichwa.

"Humu nasikia ngurumo, simsikii yeye. Na nyumbani sisikii kitu kabisa. Mwanangu, sauti yake imeanza kunitoka. Nikiamka asubuhi naitafuta, siipati. Na binti yetu Gloriose bado mdogo, yeye hata hataikumbuka. Nitafutie huyo mzee."

Mama Anonciata hakulia. Aliyelia ni Nolasco, alipokwisha kumsindikiza mpaka barabarani.

Wasikilizaji wapendwa, sauti ya mzee Ildefonsi ilikuwapo. Ilirekodiwa kwa kinasa sauti chake peke yake, na ilikuwa imehifadhiwa kwenye kompyuta. Tatizo lilikuwa namna ya kuirudisha kwenye wimbo. Akiipandisha kwa kubahatisha, ingeweza kuwameza wenzake wote. Alihitaji spika zisizomdanganya.

Zile kubwa akamwachia mpiga muziki wa harusi. Yeye na Vero wakashuka Bukoba mjini. Dukani wakamkuta kijana mchangamfu, Dastan, akawapeleka moja kwa moja kwenye spika kubwa kuliko zote.

"Kaka, chukua hizi. Ukizifungulia, jirani anahama."

"Jirani yangu ni mama mkubwa," Nolasco akamjibu. "Ahamie wapi?"

Akatoa simu yake, akaomba wapige ule wimbo wa Kamuli, wenye kasoro zake zote, na wapige kwa sauti ya chini. Dastan alicheka. Hajawahi kuona mteja anayekuja kununua spika kisha anaomba zinong'one. Lakini akapiga.

Spika za kwanza zilikuwa tamu. Kila kitu kilipendeza, hata kasoro zilipendeza. Vero akasema, "Baba Eustadia, ndiyo hizi." Nolasco akakataa. Alisema kama wimbo ule mbovu unakuwa mtamu humo, basi hizo ni wapambe tu, zitamsifia kila siku huku watu wanamcheka. Za pili zilikuwa na besi ya kuringa. Akasema chumba chake kinamtosha kwa uongo huo.

Za tatu zilikuwa ndogo. Mtu angeweza kuzibeba kwapani. Zilipopigwa, Nolasco alifumba macho. Akakaa hivyo mpaka Dastan akamtazama Vero kwa wasiwasi.

"Nawaona," Nolasco akasema taratibu. "Wamama hawa hapa mbele. Mwimbaji wa sauti ya tatu huyu, na katekista yule kulia. Na kule nyuma kushoto kuna nafasi. Iko wazi. Mzee hayupo."

Ndizo alizonunua. Alinunua zile zilizomwonyesha kosa lake. Vero alizitazama akanuna. "Tumetoka Karagwe yote kufuata vidude hivi? Watatucheka."

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," mumewe akamwambia, na wakacheka mpaka stendi.

Nyumbani hakuzisukumia pembeni tena. Alizipandisha juu ya matofali zilingane na masikio yake, akaziacha mbali na ukuta. Vero alimshikia kamba ya mgomba wakapima, kutoka spika moja hadi nyingine, na kutoka kila spika hadi kichwani pake, pande zote tatu sawa. Pembeni wakapanga magunia ya pumba za kahawa mpaka karibu na dari, yainyonye ile sauti inayovimba. Ukutani wakatundika blanketi. Chumba kikanyamaza. Vero anasema ukikohoa humo, unasikia kikohozi chako kinaishia hapo hapo mdomoni.

Kisha Nolasco akauchanganya wimbo upya, akaipandisha sauti ya mzee kidogo kidogo, na mama Anonciata akaitwa. Alikuja na Gloriose. Wakakaa, mtoto mapajani. Nolasco akapiga wimbo, kwa sauti ya chini.

Ubeti wa kwanza ukapita. Ilipoingia besi, polepole mama akainua mkono, akanyoosha kidole kwenye blanketi, kati ya zile spika mbili, nyuma kidogo, kushoto.

"Amesimama pale," akasema. "Gloriose, umemwona? Pale. Huyo ndiye baba yako."

Na mtoto akatazama pale. Vero aliyekuwa mlangoni anasema naye alitazama, na hata leo akipita chumbani humo macho yake yanaenda pale pale.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Nolasco. Lakini msiba una mambo yake. Tangu mumewe azikwe, Vero amekuwa akiambiwa na watu, "Jifariji, sikiliza kazi zake." Amesikiliza. Kwaya zote zimo. Yeye mwenyewe hamo. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa akitania kwamba akiimba mbuzi wanakata kamba. Aliwahifadhi watu wa wilaya mbili, na sauti yake hakuiweka popote.

Aliyemtoa Vero kwenye giza hilo ni mama Anonciata. Alikuja matangani akamuuliza, "Mama Eustadia, ile ya mzee wangu, kabla haijakatwakatwa, bado mnayo?" Wakaenda chumbani. Wakaifungua kutoka mwanzo kabisa, pale ambapo wanakwaya bado wanajipanga, mtu anakohoa, mtu anaburuta benchi. Halafu akasikika mwanaume mmoja, kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani:

"Mzee Ildefonsi, sogea. Sogea karibu kidogo. Hapo hapo, baba. Usiogope."

Vero akaitambua sauti ya mumewe. Wajane wale wawili walikaa humo, wakairudisha, wakaisikiliza tena, na jua likahama dirishani bila wao kujua.

Kwako Vero, kwako binti Eustadia, na kwa ukoo mzima wa Byarugaba pale Kanoni, tunawapa pole nyingi. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Na wewe unayenisikiliza, tazama waliokaa nawe jioni hii. Unazo picha zao, najua. Sauti zao je? Simu unayo mkononi. Mwombe baba akusimulie chochote, hata habari za mbuzi, nawe urekodi.

Sasa tunawapigia wimbo wa kwaya ya Kamuli. Vero ndiye aliyetuletea, na alituomba jambo moja tu, tusikate kitu mwanzoni. Hatujakata.